Fenesi Lililopimwa kwa Kamera

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi katika hoteli za Mji Mkongwe. Kazini walimpa kamera ya joto, ya kutafutia nyaya zinazoungua ndani ya kuta: chenye joto huonekana chekundu, cha baridi buluu. Haikupita wiki, fundi akageuka mganga. Alimpima paka, akalipima birika, akanipima na mimi nimenuna, akasema nimewaka kuliko jiko. Sikuhitaji kamera kulijua hilo.

Wakati huo mama yangu alikuwa kwetu Jang'ombe. Alikuwa ametoka hospitali, na chakula hakigusi. Nilimpikia uji wa mchele, nikampikia supu ya kuku.

"Ondoa, mwanangu, nshashiba."

Kashiba nini, upepo? Nikimsihi, anageukia ukutani. Alikuwa anakwisha huku namwona, nami niliogopa sana, na hofu yangu ikitoka hutoka kwa ukali.

Asubuhi moja akasema labda angeonja fenesi. Nikatupia buibui, mbio sokoni Darajani. Mume wangu nyuma yangu, na kamera yake.

Fenesi hujulikana kwa pua. Unaliinamia, unalinusa, ukipenda unaligonga. Yeye akasema kunusa ni mambo ya kale. Eti tunda likiiva huchemka kwa ndani. Akalipitia lundo zima kwa kamera, watu wamemzunguka, mpaka akapata moja jekundu. Lilikuwa pembeni ya mkokoteni, jua limelipiga tangu asubuhi. Nikalinusa: halina harufu hata ya kusingiziwa. Muuzaji, Mungu amzidishie ujanja, akaapa hajapata kuona mashine yenye akili kama ile.

Nyumbani nikajipaka mafuta mikononi, nikalipasua. Jeupe, gumu, utomvu mtupu. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu keshapanga vipande kwenye sahani na kuingia navyo chumbani.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea fenesi. Limepimwa."

"Marahaba, mkwe wangu."

Kwetu, binti unamkatalia mchana kutwa na hakuna atakayekulaumu. Mkwe sivyo. Mkwe akikuletea kitu kwa mkono wake, hukirudishi. Mama yangu angekula hata kandambili. Nilichungulia mlangoni. Alijitengeneza mtandio, akachukua kipande, akatafuna, akatafuna, macho yakamtoka, akameza.

"Mashallah. Tamu."

Akachukua cha pili.

Machozi yalinitoka kwa furaha, na wivu nao ulinishika, siufichi. Nikakimbilia jikoni, nikachota uji, nikamtia mume wangu bakuli mkononi.

"Mpelekee wewe. Mimi usinitaje."

Bakuli likarudi tupu.

Tangu siku hiyo mimi napika, yeye anapeleka. Kabla hajaingia hulielekezea bakuli kamera yake, akatazama, akaridhika. Anaamini kwa moyo wake wote kwamba mama anakula kwa sababu chakula sasa kinapimwa, na mashoga zangu wawili wameshamwomba awapimie maembe. Namwacha aamini. Mama ameanza kutembea mpaka uani, na mashavu yamerudi.

Jana aliniita pembeni, akanishika mkono, akaninong'oneza nisione haya, nikae na mume wangu anifundishe kupika.

"Inshallah, mama," nikamjibu.