Siku Profesa Kona Alipokwenda Kuposa

Mimi nimewahi kwenda kuposa huku nikijifanya nimekauka sauti.

Si kwamba nilikuwa mgonjwa. Koo langu lilikuwa zima kabisa, na asubuhi ya siku hiyo hiyo lilikuwa limesikika stendi nzima ya taxi ya Durban. Tatizo lenyewe ndilo hilo.

Kaeni vizuri niwahadithie. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishazoea.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Mimi Gosbert, mtoto wa Bukoba, nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la simu la Mkongo mmoja anaitwa Désiré, jirani na stendi. Enzi hizo simu ya mkononi ilikuwa ya mabosi. Sisi wengine ukitaka kumsikia mama yako Bukoba au Bukavu, unakuja kwa Désiré, unapanga foleni, unaingia kwenye kibanda cha mbao, unapiga kelele mpaka jasho linakutoka.

Foleni ikawa inachosha, watu wanaondoka. Désiré akatafuta maikrofoni na spika. Spika akaitundika nje juu ya mlango, mimi akaniweka chumba cha nyuma na maikrofoni. Kazi yangu ikawa kuongea chochote ili watu wasiondoke.

Nikaongea siasa, watu wakasinzia. Nikaongea mapenzi, akina mama wakaja kulalamika. Siku moja nikaongea soka la shule za sekondari, stendi nzima ikanyamaza kusikiliza.

Kumbe kila mtu pale alikuwa na mtoto, mpwa au mdogo wake anayecheza.

Basi nikajipa jina, Profesa Kona. Tangu shule zifunguliwe Januari, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nachambua msimu unaokuja: nani ana dalili za kombe, nani atashika mkia. Nilichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kizulu cha kuombea maji. Sauti yangu waliijua wote, sura yangu hawakuijua.

"Namba moja, Harbour Ridge," nilikuwa nasema. "Beki wao wa kati ana ndevu kumzidi mwalimu mkuu. Umri wake anaujua Mungu na mama yake tu, ila mpira haupiti.

"Namba mbili, Kingfisher. Wana jezi mpya, na jezi mpya ni nusu ya ushindi. Nusu ya pili bado wanaitafuta.

"Namba tatu, Milton Vale. Straika wao ana mbio za hatari. Shida ni kwamba anafika golini kabla ya mpira."

Halafu nakohoa kidogo. Hiyo ilikuwa alama yangu, stendi wanajua sasa anakuja wa mwisho.

"Mkiani, kama kawaida, Old Mill kutoka Cato Manor. Kipa wao anaupokea mpira kama mgeni wa heshima: anasogea pembeni, anaukaribisha ndani. Na mazoezi yao ni kama misa. Watu wanasimama, wanakaa, wanapiga magoti. Anayekimbia hayupo."

Watu walikuwa wanashika mbavu.

Sasa kocha wa Old Mill alikuwa Papa Achille. Mkongo wa Bukavu, kwao alikuwa mwalimu wa michezo. Hapa Durban alikuwa anapakia mizigo kwenye maghala ya Clairwood, na jioni anawafundisha vijana wa Old Mill bure, kwa mapenzi tu. Kipa mwenyewe ni mwanawe, anaitwa Jeancy.

Na binti yake anaitwa Laetitia. Laetitia alikuwa anasuka nywele kwenye saluni inayopakana na duka letu, na mimi kwa Laetitia nilikuwa nimekufa nimeoza, naye alishanikubali.

Mnaiona kesi ilivyokaa.

Kila Jumamosi Papa Achille alikuja stendi na timu yake nzima, wakasimama chini ya spika. Nilikuwa nawachungulia kupitia tundu la ubao. Nikimaliza tu, mzee anawageukia vijana wake na kurusha mikono.

"Munasikia vile anatutukana? Siku nitakamata huyu Profesa, nitamukulisha micro yake na waya yake."

Mkwe mtarajiwa huyo, anapanga kunilisha maikrofoni. Usingizi ulikuwa haunijii.

Nilimweleza Laetitia hofu yangu. Alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Mimi mjinga sikujiuliza anacheka nini.

"Weye usiogope," akaniambia. "Kuja nyumbani, papa akuone. Papa ni muntu muzuri."

"Akiitambua sauti je?"

"Alors, usiongee. Kwenu si iko muntu anaongeaka pa fasi ya muchumba?"

Nikaona mwanga. Kweli, kwetu anayeongea ni mshenga, mposaji kazi yake ni kukaa na kuonekana ana adabu. Nikamfuata mzee Deusdedit, karani wa ofisi moja ya meli bandarini, katekista, mtu na heshima zake. Nikamnong'oneza kwamba mafindofindo yamenibana vibaya, kwa hiyo siku hiyo anisemee yote yeye.

"Mdomo ninao, mwanangu," akasema. "Wewe kaa tu, mambo niachie."

Tukapangiwa Jumamosi alasiri. Asubuhi yake nilikuwa na kazi yangu ya kawaida kwenye maikrofoni, na ligi ilikuwa inaanza wiki inayofuata.

Hapo ndipo ujanja ulipozidi akili. Nikajisemea moyoni, mzee atakuwepo pale chini ya spika. Kwa nini nisimpelekee zawadi mapema, nimkute na furaha zake?

"Namba moja," nikatangaza, "na hili nalisema baada ya utafiti wa kina, ni Old Mill. Kipa wao ni ukuta. Kocha wao ni kisima cha maarifa."

Stendi ikaguna. Désiré akaingiza kichwa mlangoni.

"Gosbert, uko malade?"

Nikampungia mkono kwamba siumwi, aende zake. Nilijiona nina akili kuliko ukoo wangu wote.

Alasiri tukafika Cato Manor. Sebule imepangwa vizuri, vitambaa vya kushonwa kwa mkono juu ya kila kochi. Papa Achille kakaa katikati na tai yake, mkewe, mama Élisabeth, pembeni. Laetitia kasimama mlango wa jikoni kainamisha macho chini, kama hanijui.

Mzee Deusdedit akasalimia kwa niaba ya watu wawili. Mimi nikainama.

"Huyu kijana haongeake?" akauliza Papa Achille.

"Mafindofindo, mzee wangu. Sauti imekwenda kabisa."

Mama Élisabeth akanionea huruma. Akaenda jikoni akarudi na kikombe cha tangawizi, limau na pilipili. Ile pilipili ya kwao, inayomtoa mtu machozi akiwa chumba cha pili.

Nikanywa. Machozi yakanitiririka, nikatabasamu.

"Inasaidia," akasema mama. "Ngoja nikuletee ingine."

Akaleta ingine. Na ingine. Papa Achille alikuwa ananikodolea koo tu, sijui anatafuta nini pale.

"Mushenga," akasema mwishowe, "kijana wako anapendaka soccer?"

Mzee Deusdedit hajawahi kuangalia mpira tangu azaliwe, lakini mshenga hashindwi.

"Sana. Anacheza kila Jumapili baada ya misa. Ana namba yake kabisa."

"Namba gani?"

"Sitini."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani namhimiza.

"Sitini ya kulia," akaongeza.

Papa Achille akatikisa kichwa taratibu. "Na anaona nani atabeba kombe ya shule mwaka huu?"

"Atakayejaliwa na Mungu," akasema mzee Deusdedit.

"Hiyo si analyse."

Mlango wa ndani ukafunguka, akaingia Jeancy. Kavaa miwani ya jua. Ndani ya nyumba, na mapazia yamefungwa. Akajigonga goti kwenye meza, akaliomba radhi kabati.

Mama yake akamrushia chungwa. Likampita chini ya kwapa, likabingirika hadi kwenye kiatu changu.

"Leo sidake," akasema Jeancy. "Mikono napumzisha."

"Na mazoezi?" akauliza baba yake. "Saa hii benzako banapaswa kuwa ku mulima."

"Papa, number one hakimbiake mulima."

Papa Achille akajishika kichwa. Akamgeukia mzee Deusdedit.

"Unaona? Pale stendi iko muntu anaitwa Profesa Kona. Leo asubuhi ametutia number one."

Nikakaa sawasawa, nikaweka kola vizuri. Nikasubiri sifa zije.

"Ameniua," akasema Papa Achille.

Tangawizi ikanipalia.

"Kila samedi, Jumamosi yote, napeleka batoto basikie vile anatutukana. Bakirudi hapa, banapanda mulima bila kuambiwa, na hasira yao. Leo captain amejipakaa gel kwa nywele. Beki ananiuliza tutalala hôtel gani. Season inaanza samedi. Ule muntu akiturudisha wa mwisho, vraiment, kitu yote ataomba nitamupa."

Kitu yote ataomba.

Nikamtazama Laetitia. Naye akanitazama, safari hii hacheki.

Nikapima. Nikikaa kimya, natoka pale salama na jibu la tutafikiri. Nikifungua mdomo, ama nampata Laetitia, ama nakula maikrofoni na waya wake.

Nikakohoa kidogo.

Papa Achille akaweka kikombe chini. Jeancy akageuza shingo.

"Mkiani," nikasema, kwa ile sauti yenyewe, "kama kawaida, na asubuhi nilikosea kwa sababu zangu binafsi, ni Old Mill kutoka Cato Manor. Kipa wao anavaa miwani ya jua sebuleni, na haimpunguzii kitu, maana hata bila miwani mpira huwa hauoni. Nimeshuhudia chungwa likimpita. Chungwa lenyewe hakulipiga straika, limerushwa na mama yake."

Mzee Deusdedit akapiga ishara ya msalaba.

"Muujiza," akasema. "Mama, hiyo tangawizi yako ni muujiza."

Jeancy akavua miwani polepole.

"Ni weye Profesa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti sasa ilikuwa imekwenda kweli.

"Mutaona," akasema. Akatoka mbio na viatu vyake vya kanisani. Tukamsikia akigonga milango ya wenzake, na haukupita muda tukawaona dirishani wakipanda kilima, yeye mbele, yule captain nyuma na gel yake ikimeremeta juani.

Papa Achille akasimama dirishani, mgongo kanipa mimi. Mimi nikawa nauwaza ule waya, kama utapita kooni.

Alipogeuka alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Rudia ile ya chungwa."

Nikarudia.

"Eish," akasema, akakaa. "Kijana, mi nilikujua tangu mwezi wa pili. Laetitia alishaniambia. Leo nilitaka tu kuona utakunywa pilipili mupaka wapi."

Nikamgeukia Laetitia. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia la jikoni, pazia linacheza kwa kicheko. Kumbe nyumba nzima, ukimtoa Jeancy, walinijua, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimejificha.

Lakini mzee akaacha kucheka.

"Mi niliwaza hivi. Huyu kijana anapenda mutoto yangu, anajua mi ni papa yake, na kila samedi anasema kweli kama timu yangu ni ya mwisho. Muntu kama huyo hatanidanganya juu ya binti yangu. Nilikuwa nimeshasema oui, nimekubali. Alors leo asubuhi ukanisifu. Nikamwambia Élisabeth, tumepoteza mukwe."

Hapo nami kicheko kiliniishia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kile nilichodhani kitanifukuzisha ndicho kilichokuwa kimenifanya nipendwe, na zawadi niliyomletea mzee ndiyo iliyotaka kunikosesha mke.

"Nisamehe, papa," nikasema.

"Utasamehewa samedi, pale kwa spika."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Mahari ilikuwa ya kawaida kama ya watu wote, ila kila Jumamosi mpaka ligi iishe, Old Mill wakae mkiani, bila huruma. Mzee Deusdedit akakubali kwa niaba yangu, ingawa mpaka leo anaamini aliyeniponya ni mama Élisabeth. Nasikia kule bandarini anawaelekeza wagonjwa wa koo kwake.

Najua mnataka kusikia walichukua kombe. Hawakuchukua. Kombe lilikwenda Harbour Ridge. Yule beki mwenye ndevu alipolinyanyua, pembeni ya uwanja kuna mtoto akamwita baba.

Old Mill walimaliza wa pili kutoka mwisho. Papa Achille akachinja mbuzi.

"Profesa alisema mkia," akawaambia vijana wake. "Tumemushinda Profesa."

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi naongeza kidogo: hata anayemsifu mgema kwa sababu anataka binti yake, naye tembo lake lina maji. Ukimhitaji mtu, mwambie kweli kama ulivyokuwa unamwambia ulipokuwa humhitaji.

Laetitia ni mke wangu mpaka leo. Tuna watoto, na kudaka hajui hata mmoja.

Tukienda kumsalimia Papa Achille, chakula kikishawekwa mezani, lazima kwanza ashike sahani yangu.

"Mukwe, mwaka huu tuko wapi?"

"Wa mwisho, papa."

"Sharp," anasema, ananipa sahani. "Kula."