Telekomande ya Kufungua Zote

Cibalonza hagombani na watu, anagombana na vitu. Tumekaa ua mmoja hapa Rumonge tangu niliporudi kutoka Tanzania, na nimemsikia akikemea jiko, akitukana kufuli, akiihoji ndoo ya mawese kwa nini inavuja ilhali jana ilikuwa nzima. Kwa binadamu ni mpole kupita kiasi. Wanunuzi wa mafuta wanampunja mchana kweupe naye anawashukuru, murakoze. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomkuta amekaa kimya mbele ya televisheni, wala haigombezi, nilijua kuna jambo.

Televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kifaransa. Yeye hakuwa anaiangalia. Mkononi alishika flashi, ambayo wenyewe hapa wanaiita kle, ameifunga ndani ya kipande cha kitenge.

"Mama Benita," akaniambia, "mama yangu iko humu."

Mama yake alizikwa ng'ambo ya ziwa, mjini Baraka, Kongo, wiki ambayo boti zilikuwa zimezuiwa kuvuka. Cibalonza alishinda bandarini na mfuko wake, akaambiwa rudi kesho, kesho yake akaambiwa vilevile, mpaka mazishi yakapita. Sasa boti zimeanza tena, na mdogo wake Hubert amemtumia video kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja.

Ndani ya video hiyo alitaka kusikia kitu kimoja tu. Zamani, alipovuka kuja kuolewa na Lameki, Mrundi fundi wa kujenga, mama yake alisema mbele ya ukoo kwamba yeye hana mtoto Burundi. Baadaye walisalimiana kwa simu, wakatumiana vitenge na mafuta, lakini neno lile hakuna aliyelifuta. Na kwao, mtu akizikwa, majina ya watoto wake yanasomwa pale kaburini. Cibalonza alimpigia Hubert akamuuliza: langu lilisomwa? Hubert akamjibu: ngoja uone. Jibu gani hilo kwa mfiwa? Mimi ningemkatia simu.

Sasa shida ilikuwa kuona. Rimoti ya zamani ilitumbukia ndani ya ndoo ya mawese. Mafuta hayakuiua, sabuni ndiyo iliyoiua, maana Cibalonza aliifua. Na vitufe vya pembeni mwa televisheni vilishakufa kabla hawajainunua. Flashi unaweza kuichomeka vizuri, lakini kuiambia televisheni iache Wahindi itazame flashi, huna njia. Nikamshauri twende sokoni kwa wale wa kupiga chapa na fotokopi, wana kompyuta. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nililie mama yangu mu sekretaria ya batu? Banafanya mulongo nyuma yangu, banataka fotokopi?"

Alikuwa na haki.

Tukaenda kwa Abdulhamid, muuza rimoti. Meza yake imejaa rimoti zilizovikwa nailoni, nyeusi, za kijivu, na moja ya waridi sijui ya nini. Sisi tuliokulia Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, tunasema rimoti, wenyeji wanasema telekomande. Ikigoma, jina lolote linafaa.

"Amahoro, mama. Televizyo yako iko marki gani?"

"Iko nyeusi."

"Marki, mama. Jina yake."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mbele ya televisheni ile pameandikwa jina moja, nyuma jingine, na boksi lake lilikuja na jina la tatu. Cibalonza alimtajia yote kwa uaminifu. Abdulhamid akakuna kidevu.

"Iyo televizyo iko na baba batatu. Basi telekomande yake ya kweli hutaipata. Beba hii ya kufungua zote. Televizyo, dekoda, radio."

"Radio ya nini? Mimi minataka televizyo tu."

"Zote ziko ndani, mama. Haiwezekane kuzitoa."

Cibalonza hakupenda. Akaichambua meza nzima, akaibuka na rimoti ndogo yenye vitufe vichache, akasema vitufe vingi ni maswali mengi na hii itamtosha. Abdulhamid akamwambia kwa upole kwamba hiyo ni ya feni. Akairudisha, akachukua ile ya kufungua zote kwa vidole viwili, akauliza inafundishwaje.

"Shika hapa mpaka taa nyekundu iwake. Uilenge televizyo, ubonyeze hii, ungoje. Itatafuta yenyewe. Ikipata, utaona, ubonyeze OK haraka."

"Nitaona nini?"

"Utaona tu, mama."

Tulirudi na jibu hilo kama watu wenye akili.

Nyumbani Lameki alikuwa ametoka kazini, miguu bado ina saruji. Cibalonza akaishika rimoti kwa mikono miwili, taa ikawaka, ikaanza kupepesa, nasi tukakodoa macho tukingoja kuona. Tuone nini, hakuna aliyejua. Lameki alidhani jina la kweli la televisheni litajiandika kiooni, tujue baba ni yupi. Mimi nilitegemea mazishi yatokee. Wahindi wakaendelea kulia kwa Kifaransa. Mara kioo kikawa cheusi tii.

"Umeme imeenda!" akasema Lameki.

Cibalonza alikuwa amesharuka kuchomoa waya ukutani. Hapa kwetu kila mtu mwenye akili hufanya hivyo, kwa sababu umeme haudhuru unapoondoka, unadhuru unaporudi. Friji yao iliungua namna hiyo, na leo wanahifadhia unga. Rimoti ilitupwa kwenye kiti, ikabaki inapepesa peke yake, nasi tukakaa kungoja umeme. Ilikuwa mchana, hakuna balbu iliyowashwa ya kutuambia lolote.

Baada ya kitambo Lameki akachomeka kujaribu. Televisheni hiyo huwaka yenyewe ukiichomeka. Ikawaka.

"Imerudi. Tuanze tena, mbiombio."

Tukaanza. Taa ikapepesa, tukakodoa, kioo kikafa. Cibalonza akaruka, akachomoa. Tukangoja, Lameki akachomeka, ikawaka. Tukaanza tena, kikafa tena.

"Lakini leo banatukatakata kama nyanya!" Lameki akafoka.

Cibalonza hakufoka. Alikaa sakafuni na waya mkononi. "Labda mama hataki niione," akasema. "Labda jina yangu haiko, ni yeye anazima."

Nilitaka kumjibu, ndipo nikasikia ngurumo. Rachidi, jirani yetu wa nyuma, ana mashine ya kusaga mihogo, nayo ilikuwa inanguruma.

"Mashine ya Rachidi inasaga kwa umeme gani?" nikauliza.

"Amenunua jenereta," Lameki akajibu upesi. Lameki hakosi jibu, hata kama si la swali lako.

Nikazunguka nyuma. Rachidi, mweupe kwa unga mpaka kope, akaniambia hajanunua jenereta, na umeme haujakatika tangu asubuhi. Nikarudi na habari hiyo nikidhani naleta nafuu. Kumbe nimeleta balaa.

"Umeme iko?" Cibalonza akainuka taratibu. "Basi ni hii kitu! Inaua televizyo!"

Na kweli, ukifikiri, ndivyo ilivyoonekana. Kila tukiilenga, televisheni inazimika. Lameki akaenda kutafuta bisibisi aifungue televisheni tumboni. Nikamsihi mke wake twende kwanza kwa Abdulhamid kabla haijafunguliwa, maana vitu anavyofungua Lameki havifungiki tena. Njia nzima Cibalonza alitembea mbele yangu. Huyu mama asiyegombana na watu alifika pale akaiweka rimoti mezani kwa kishindo.

"Umeniuzisha kitu ya kuua! Televizyo yangu imekufa mara tatu!"

"Inazimika?" Abdulhamid akauliza. "Ukiilenga inazimika yenyewe?"

"Inazimika!"

"Mama, basi imepata! Inatafuta kwa kuzima. Ikizima, ujue imeipata. Hapo ndiyo unabonyeza OK."

Watu tumekaa tukingoja kitu kitokee, kumbe dalili yenyewe ni kutoweka. Kule kwenu labda kioo kikizimika mtu anafikiria rimoti. Huku kwetu kioo kikizimika unafikiria umeme, mkono uko kwenye waya kabla kichwa hakijajua.

"Kwa nini hukunielezea?" Cibalonza akauliza, sauti imerudi chini.

"Si nilikwambia utaona?"

Tukarudi nyumbani, na safari hii ilipozimika hakuna aliyeruka. Cibalonza akabonyeza OK kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote, akabonyeza na vitufe vya jirani kwa usalama. Akabonyeza cha kuwasha, ikawaka. Lameki akapiga makofi. Nikatafuta kitufe chenye mshale unaoingia kwenye kisanduku, Wahindi wakaondoka, flashi ikasomeka. Watu wakajaa kiooni: akina mama wenye vitambaa kichwani, jeneza, njia nyekundu inayopanda kilima. Na hakuna sauti hata kidogo.

"Hubert amesahau kutia sauti," Lameki akasema.

Mchungaji akafungua karatasi. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Anasoma! Anasoma majina!" Cibalonza akapiga magoti, akabandika sikio kwenye televisheni kabisa. Mimi nikawa napapasa vitufe kama kuku anayedonoa. Nikaongeza sauti, ikakataa. Nikagusa kingine, Wahindi wakarudi. Nikawafukuza. Mwisho nikaona pembeni mwa kioo kispika kidogo kilichokatwa na mstari, na kwenye rimoti, ubavuni mwa OK, kitufe chenye alama ileile. Ndicho Cibalonza alichokibonyeza kwa usalama. Nikakigusa, sauti ikaja, nzito, ya upepo na vikohozi. Mchungaji alikuwa ameshakunja karatasi.

"Rudisha, Mama Benita! Rudisha nyuma!"

Nikabonyeza mshale, tukafika kwa watu wanaokula wali. Nikabonyeza wa upande wa pili na kushikilia, jeneza likapanda na kushuka, kila mtu akitembea kinyumenyume, mpaka mchungaji akawa na karatasi mikononi.

"Watoto ambao marehemu ameacha," mchungaji akasoma, "ni Hubert, Aksanti, na Bienfait." Akakunja karatasi.

Nilimtazama Cibalonza. Niliumia, nasema kweli. Hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na akaona ndiyo hiyo.

"Sawa," akamwambia mumewe. "Baba Elda, zima."

Lameki akachukua rimoti. Akatafuta cha kuzimia. Akabonyeza kimoja, sauti ikapanda. Akabonyeza kingine, watu wakawa wanene. "Kiko wapi?" akanong'ona. Akaigeuza rimoti, akabonyeza tena, sauti ikazidi kupanda, na mle ndani ya televisheni mtu akasema kwa sauti ya kuujaza ua wetu mzima:

"Pasteri, ungoje."

Alikuwa Hubert. Amesimama ukingoni mwa kaburi, wanampa koleo, hapokei. Akapiga magoti akachota udongo kwa mkono wa kushoto.

"Iyo karatasi haikutimia," akasema. "Mukubwa wetu iko Rumonge, boti zimemukatalia. Mama aliniambia mu hospitali: udongo wa kwanza musitupe ninyi. Wa kwanza ni wa Cibalonza. Mutu asiutangulie." Akautupa. Ukasikika ukigonga mbao. "Ule ni wake. Huu sasa ni wangu." Akachota kwa mkono wa kulia.

Kwao ni mtoto wa kwanza anayetupa udongo wa kwanza. Akiwa hayupo, hutupa anayemfuata na mambo yanaisha. Hakuna anayetupiwa udongo akiwa ng'ambo. Hilo niliambiwa baadaye, lakini wakati ule sikuhitaji kuambiwa, maana Cibalonza alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya mkeka analia, "Mama weee, mama weee," na Lameki bado anabonyeza vitufe huku machozi yanamtoka.

Cibalonza akainuka, akamnyang'anya rimoti. Hakuuliza kitufe wala hakutazama chini. Akarudisha nyuma mpaka Hubert akawa anapiga magoti, akauacha udongo uanguke, akarudisha tena, ukaanguka tena.

"Nimeutupa, mama," akaiambia televisheni. "Nimeutupa."