Ndoo ya Bati

Ilinichukua siku tatu kufika Nairobi. Lori la kwanza lilibeba mihogo mikavu kutoka kwetu, upande wa Tanzania wa ziwa, hadi mpakani. La pili lilikuwa la vitunguu. Lilipita Kisii, likalala Narok, likapanda ukingo wa bonde kwa mwendo wa kinyonga, na alfajiri ya siku ya tatu likanishusha Kinoo, kwa sababu dereva alikuwa na mke wa pili pale na hakutaka kuingia mjini kabla ya kunywa chai yake. Nilisimama kando ya barabara nikitetemeka. Sikuwa nimewahi kuona ukungu mzito namna ile, wala baridi inayopenya hadi kwenye meno.

Nimezurura miji mingi tangu nimalize kidato cha nne, na mara nyingi niliondoka kwa sababu tu miguu iliniwasha. Safari ile haikuwa hivyo. Nilikuwa nakimbia mkono wa mtu.

Nyuma ya nyumba ya kaka yangu tulikuwa tunapasua betri za magari, tunayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, na kuyamimina kuwa vizito vya kuzamishia nyavu. Tulikuwa watatu: kaka, mimi, na jirani mmoja mcheshi aliyependa kuimba akichochea moto. Jirani alianza kulalamika tumbo. Kisha asubuhi moja akashindwa kuinua kikombe cha uji. Mkono ulining'inia kutoka kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Aliuangalia kama mali ya mtu mwingine. Watu walisema karogwa. Kaka alisema kaulalia. Mimi, juma lile lile, nilipanda lori la mihogo.

Kinoo nilipata chumba kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili na vyumba sita vya kupangisha. Ni yeye aliyesikia kanisani kwamba chuo fulani, mbele ya Westlands ukielekea mjini, kilitafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Nilikwenda na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia yake, aliyonikopesha ili kisilowe. Nikachukuliwa.

Katika maabara ile tulikuwa watu watatu. Daktari alikuwa mama wa makamo kutoka familia ya Kihindu ya Spring Valley, daktari wa kemia na si wa wagonjwa, aliyekuja kila siku na chupa yake ya chai yenye tangawizi nyingi. Fundi wa maabara alikuwa mzee wa Kikuyu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo alijiteua kuwa mwalimu wangu wa jiji.

"Niaje, Mbongo! Leo umekuja na kamusi?"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo peleka kwa babu yako. Mimi niambie tu 'sasa'. Na hizo vioo, ukivunja moja, utatuimbia taarab mpaka ilipwe."

Siku ya kwanza Daktari aliniita kwenye sanduku moja lenye pazia jeusi. Ndani mlikuwa na taa ya zambarau isiyomulika sana.

"Kuja uone, ndiyo ujue unaosha nini," alisema. Alishika kichupa chembamba cha kioo. "Hii ni maji na unga yangu. Unaona? Giza. Unga imelala. Sasa naweka tone moja ya risasi."

Tone liliingia, na kichupa kikawaka kijani, kama jicho la paka chini ya kitanda. Nilirudi nyuma hatua moja. Sikumwambia kwamba nalijua neno hilo risasi kwa harufu yake.

"Hata ikiwa ndani ya damu ya mtu?" niliuliza.

"Damu, mkojo, yote. Hiyo ndiyo natafuta. Mashine ya hospitali ni ghali, na foleni ni ndefu. Hii mtu ataweka kwa mfuko na kwenda nayo gereji."

Na kweli alikuwa anazunguka gereji na vibanda vya betri, akiomba watu mkojo, akiuhifadhi kwenye jokofu ili aupime wote siku moja. Nilipenda kazi ile. Vichupa vililala usiku kucha kwenye asidi hafifu, asubuhi nikavitoa na kuvisuuza mara tatu kwa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa na mtambo wa pale, mvuke wake ukakingwa na kupoozwa, yakabaki maji matupu yasiyo na chumvi wala kitu. Daktari alisema alama moja ya kidole ingeweza kuharibu kazi ya mwezi.

Nilipotimiza mwaka pale, ukaja mgao wa maji. Mifereji ilikauka mji mzima na mtambo ukawa unafanya kazi siku moja tu kwa juma. Ilibidi tuhifadhi maji ya mvuke. Fundi alinipa madumu mawili ya plastiki, nikayanusa, yakanuka sabuni.

Kwetu, maji ya kunywa hukaa kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko. Plastiki ni ya kufulia na mafuta ya taa. Mgeni akipewa maji ya plastiki atayanywa kwa adabu, kisha atakwenda kusimulia. Basi Jumamosi nilishuka hadi River Road, nikanunua ndoo mpya ya bati iliyong'aa mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikaibeba kwa miguu hadi maabara. Hakuna aliyenituma. Nilimimina humo maji ya mvuke, na kila asubuhi nikatumbukiza humo vichupa vilivyotoka kwenye asidi. Nilijiona mtu safi kuliko wote.

Siku kadhaa baadaye nilifanya jambo lililonikaa rohoni tangu siku ya taa. Saa ya chakula, Daktari akiwa na mkate wake ndani ya gari na fundi amekwenda kula githeri, nilijaza kichupa mkojo wangu, nikatia unga kwa kijiko kidogo kama nilivyomwona akifanya, nikafungua pazia.

Ulijaa kijani. Niliona kucha zangu kwa mwanga wake.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani siku ile. Nakumbuka zilizofuata. Kila alfajiri, kabla ya kuvaa viatu, nilijaza kikombe maji pomoni na kukiinua kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, nikihesabu hadi ishirini. Tumbo likinguruma kwa njaa, mimi nilimsikia yule jirani wa kwenye tanuri. Nikitembea kando ya Waiyaki Way ndani ya ukungu, nilinyoosha mikono yote miwili mbele yangu nione kama vifundo vingelegea. Mama mwenye nyumba alinikuta hivyo akienda na maziwa.

"Kijana, unaomba mvua ama unapaa?"

"Nanyoosha viungo, mama."

"Wewe nyoosha. Lakini gari ikikuja, ingia mtaroni."

Nilimpigia kaka kwa simu ya jirani yake mwingine. Nilimuuliza habari za tumbo lake. Alicheka.

"Nairobi umekuwa mganga? Tumbo langu linataka ugali, basi."

"Na mtoto?" Alikuwa na binti wa miaka mitatu. Nilipoondoka alikuwa anacheza juu ya rundo la majivu ya tanuri, akijipaka usoni kama mama yake anavyojipaka poda.

"Mtoto amekuwa mzito kusema, lakini atasema. Wewe ulichelewa pia."

Nilikata simu nikiwa na jasho, na ilikuwa asubuhi ya baridi.

Siku ya kupima ilipofika, Daktari alipanga sampuli zote za gereji, na mwishoni, kama ilivyokuwa desturi yake, akaweka mkojo wake mwenyewe, wa fundi, na kichupa cha maji matupu, vitatu ambavyo havikupaswa kuwaka. Alizima taa za chumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu mkononi.

Vyote viliwaka. Vya gereji, cha Daktari, cha fundi. Na cha maji.

"Ai," fundi alisema. "Basi hata mimi ni maiti na sijaambiwa."

Daktari hakucheka. Alikishika kile cha maji, akakigeuza. "Hii haiwezi. Hii ni maji tu. Nini imebadilika hapa? Unga ni ile ile. Taa ni ile ile."

"Labda ni maji ya mji," alisema fundi. "Siku hizi yanakuja rangi ya chai."

Walianza kuhesabu vyote vilivyokuwa vipya chumbani. Macho yangu yalishuka polepole hadi mkononi mwangu. Sikujua kemia, lakini nilijua kwamba kitu kimoja tu pale kilinunuliwa River Road.

Niliitua ndoo sakafuni. Nikisema, nitafukuzwa, tena nikiwa mgeni asiye na mtu wa kumtetea. Nisiposema, watasafisha taa, watatupa unga, na mimi nitaendelea kunyanyua kikombe kila alfajiri bila kujua kama ninachokiogopa kimo ndani yangu au ndani ya ndoo. Hilo la pili ndilo lililonishinda.

"Daktari," nilisema, "maji ya kusuuzia nimekuwa nikiyaweka humu."

Aliinama akaitazama ndoo ndani. Kisha akaichukua, akadondosha asidi kidogo pembeni yake, akafyonza lile tone, akalitia unga na kulipeleka chini ya taa. Sijawahi kuona kijani kama kile. Hata pazia lilipata rangi.

"Zinki," alisema. "Bati hii imepakwa zinki, na asidi inakula. Unga yangu inaamshwa na risasi, lakini hata zinki inaamsha kidogo. Hapa si kidogo." Aliketi. "Wiki tatu za kazi."

"Mbongo," fundi alisema, "umetuua na ndoo ya mama yako."

"Nilitaka maji yawe safi."

"Safi! Mtu wa gereji angeambiwa anakufa juu ya usafi yako."

Nikawa siwezi kuzuia tena. Niliwaeleza yote: betri, tanuri la kaka, mkono wa jirani, kichupa nilichopima kwa siri. Nilinyoosha mikono yangu mbele yao kama mtoto anayekaguliwa kucha. Daktari hakunifokea kwa kuiba unga wake. Aliuliza tu, "Uliacha hiyo kazi lini?" Nikamwambia ni zaidi ya mwaka. Akavaa glavu, akaosha vichupa vinne kwa mkono wake mwenyewe, akavisuuza kwa maji mapya ya mvuke kutoka kwenye dumu la plastiki ambalo fundi alilisugua mpaka likaacha kunuka, na kunituma msalani na kimoja.

Cha maji kilibaki giza. Cha Daktari, giza. Cha fundi pia. Akashukuru Mungu kwa sauti. Changu kilikuwa na kijani hafifu, kama jani linalotazamwa kupitia moshi.

"Iko," alisema Daktari. "Kidogo, lakini iko. Mimi si hospitali. Utaenda na barua yangu, watoe damu."

Nilikwenda hospitali moja mjini, nikasubiri majibu siku nyingi zisizo na usingizi. Majibu yalisema risasi imo, nyingi kuliko inavyotakiwa, ila si ya kuniangusha. Tabibu alinieleza kwamba damu huiachia polepole mtu akitoka kazini, lakini mifupa ni bahili, na kwamba nisirudi tena kwenye tanuri. Nilimletea Daktari karatasi nikidhani atafurahi. Aliisoma, akainua macho.

"Na nani bado yuko huko?"

Nilivuta kiti nikakaa. Nilimwona akilini mtoto wa kaka juu ya majivu, uso mweupe kama uliopakwa poda. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa mikono yangu tu.

Nilimpigia kaka siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sasa nizime moto, halafu?" alisema. "Watu sita wanakula kwa karai hili la kuyeyushia. Wewe umekimbia, unanipigia simu kunihubiria. Ukitaka nizime, njoo unisaidie kuwalisha. Hujaja, usinitishe."

Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno yake, na aliujua; nikaamua kurudi nyumbani.

Daktari hakunifukuza. Hilo ndilo lililofanya kuondoka kuwe kugumu. Alinipa vichupa vitatu vya plastiki vyenye vifuniko, akaviandika kwa mkono wake: kaka, shemeji, mtoto. Alinionyesha jinsi ya kuvijaza bila kugusa mdomo wa chupa. "Weka kwa barafu, leta Jumatatu ya pili," alisema. "Kazi yako iko." Niliitikia. Nadhani alijua kwamba vichupa vingerudi kwa basi, mikononi mwa kondakta, na mimi nisingerudi navyo.

Fundi alinisindikiza mjini hadi kwenye basi la Narok. Alibeba begi langu mwenyewe na kukataa kulitoa.

"Ndoo umeachia nani?"

"Mama mwenye nyumba. Anawanyweshea kuku."

"Masikini kuku." Akanipa mkono, akaushika wangu kuliko kawaida, akaupima kwa kuubana. "Uko na nguvu, Mbongo. Sasa nenda."

"Kwaheri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kwa mara ya kwanza.

Basi lilipita Westlands, likapanda Waiyaki Way. Pale Kinoo ukungu ulikuwa bado haujainuka, na sikuiona nyumba nilikokaa. Nilinyoosha mikono yote miwili juu ya magoti. Ilisimama sawa. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, vichupa viligongana ndani ya mfuko wangu wa shati, na nilikitoa kile chenye neno mtoto nikakishika peke yake, kikiwa kitupu, mpaka tukaanza kushuka bondeni.