Vitambaa Vyekundu kwenye Mahindi ya Mama

Likizo ile ya kidato cha tano nilirudi nyumbani Nkoma na daftari jipya na kiburi cha kutosha. Mwalimu wetu wa baiolojia, kule shuleni Bariadi, alikuwa anatafuta mradi mmoja tu wa kupeleka kwenye maonyesho ya mkoa, na mimi nilishaamua utakuwa wangu. Nilitaka kujua viwavijeshi vamizi, hawa wageni waliokuja kututafunia mahindi, wanachaguaje mche wa kula. Nikachana kanga kuukuu nyekundu, nikafunga vitambaa kwenye miche ishirini ili nisichanganye hesabu.

Kila siku nikimaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, nilikwenda kuhesabu. Siku ya kwanza viwavi walikuwa tele. Siku ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Miche isiyo na kitambaa iliendelea kuliwa kama kawaida. Nilifunua majani hadi macho yakaniuma, mwisho nikapata jibu langu la kisomi: viwavi wanaogopa rangi nyekundu. Nikampigia mwalimu simu. Alifurahi mno, akaniambia niandike ripoti. Baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu, alinisikia nikijisifu. Akaniomba kanga iliyobaki, akafunga vitambaa shamba zima, akaacha kuokota viwavi.

Wiki ya pili niliamka mapema kuliko kawaida. Nikamkuta mama ametua ndoo, ameinamia mche wenye kitambaa, anaminya viwavi kwa vidole.

"Mayu, unafanya nini?"

"Si uliifunga hii inayoumwa?" akasema. "Kila nikienda kuchota maji naanza nayo, nikupunguzie kazi."

Nilitaka kulia, nilitaka kumfokea, nikashindwa vyote viwili. Hasira niliimalizia kwenye daftari, nikachana kurasa zote. Mwalimu nilimwambia ukweli, na kwenye maonyesho akaenda mwenzangu na mradi wake wa sabuni.

Baba mdogo nilimweleza mara tatu kwamba vitambaa havifanyi kitu. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Mahindi yake yaliliwa yakabaki mabua. Msimu uliofuata alikuja kuniomba kanga nyingine nyekundu, kwa sababu ile ya kwanza, alisema, ilikuwa imepauka.