Nguzo Mbele ya Tanuri

Mwenye jengo, Bwana Pruitt, alitoboa sakafu ya zege ili kumpitishia mpangaji wa juu ngazi mpya, akamwachia Eulalia Barragán nguzo za chuma za kushikilia dari katikati ya duka lake la mikate, chini ya tundu hilo, hapa Chicago. Hakumuuliza. Nguzo moja ilisimama mbele ya tanuri, mlango ukawa haufunguki hata nusu. Trei kubwa za mkate wa sikukuu ya Wafalme Watatu hazikuingia, na Januari, sikukuu ilipofika, wateja wakaenda kununua mtaa wa pili.

"Mama, umeanza kupanda miti humu?" mteja mmoja aliyebaki alimtania.

"Ndiyo. Tundika koti lako, ununue mkate."

Mhandisi, binti mmoja, alipokuja kukagua, Eulalia alimwomba aisogeze nguzo ile kidogo tu. Yule binti akatazama dari, akatikisa kichwa.

"Nondo zilizobeba dari hili zimekatwa, mama. Nikiisogeza, litakuangukia. Mpaka iwekwe boriti ya chuma kando ya lile tundu."

"Na nani wa kuiweka?"

"Mwenye jengo. Nimeshamwambia."

Ngazi ilikwisha zamani, na mpangaji anaipanda kila siku. Boriti, Pruitt bado anadaiwa.