Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Mama mkwe wangu alipohamia nyumbani kwetu Pearland, nje kidogo ya Houston, na kumkuta mbwa amelala juu ya zulia la sebuleni, alisimama mlangoni na begi lake mkononi, akamwuliza binti yake, "Kwani hii nyumba haina nje?"

Nje ilikuwepo. Kulikuwa na uzio wa mbao, nyasi, na jua la Agosti ambalo hata mijusi walilikimbia. Mke wangu akamweleza kwamba mbwa wa huku hulala ndani. Mama akajibu kwamba kwao Kitui mbwa ana kazi yake, na kazi hiyo haifanyiki kwenye zulia. Akampita akiwa ameinua leso yake isimguse. Binti yetu alikuwa amempa mbwa huyo jina la katuni ambalo mama hakutaka hata kujaribu kulitamka. Akamwita Mgeni.

Binti yetu ndiye aliyemtaka. Alilia mwaka mzima, tukaenda naye kwenye kituo cha wanyama waliotupwa, akachagua huyu, mkubwa, wa rangi ya mchanga, mwenye sikio moja lililokunjika. Kisha akaenda chuo kikuu Austin, akatuachia mbwa, baiskeli na kabati lililojaa viatu.

Mimi kazi yangu ni kusoma malalamiko ya wagonjwa katika hospitali moja ya hapa Houston na kuandika kilichotokea, hatua kwa hatua. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za saa kumi na mbili mfululizo. Kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi jioni mama alikuwa peke yake, katika mtaa ambao mlango wa gereji hufunguka, humeza gari, hujifunga. Nilizoea kuangalia mambo madogo, nikaona haya: kiti cha dirishani kilikuwa na alama ya mgongo wake, televisheni iliwaka bila sauti, chakula tulichomwachia kilikutwa vilevile. Daktari wake wa presha alimwambia atembee kila siku. "Nitembee niende wapi?" alituuliza. "Hakuna mtu njiani wa kumsalimu." Mwezi wa tatu tangu afike akaanza kuulizia tikiti ya kurudi. Nyumba yake ya Kitui ilikuwa imefungwa tangu baba mkwe afariki, na wanawe wote wako mbali. Angerudi kwenye kufuli.

Sijui siku gani hasa mambo yalibadilika. Ninachojua ni kwamba Jumanne moja nilirudi mapema, nikawakuta pembeni mwa barabara, mama ameshika kamba, mbwa ameketi mbele yake kama mwanafunzi.

"Nimekwambia kaa. Umekaa? Haya. Sasa msalimie baba."

Mbwa akatikisa mkia. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtii mtu kwa lugha yoyote. Kwa kuwa mimi na mke wangu tumetoka makabila mawili, Kiswahili ndicho cha nyumba yetu, lakini binti yetu hujibu kwa Kiingereza, na mbwa tuliamini ni wa binti yetu. Kumbe alikuwa akingoja mtu wa kumsemesha.

Tangu hapo walitoka kila asubuhi. Kupitia kwa mbwa, kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza, mama akapata watu: mzee wa Kivietnamu wa nyumba ya kona, mama mmoja wa Nijeria, kijana anayeleta vifurushi. Habari za mtaa nikawa nazipata kwake wakati wa chakula cha jioni. Tikiti haikutajwa tena.

Kisha, mwezi wa Machi, mbwa alichechemea siku mbili. Mama alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akapona. Wiki iliyofuata mbwa alikuwa na miadi ya chanjo, mke wangu akampeleka kwa daktari wa mifugo, na mama akaenda nao. Daktari, dada mpole mwenye miwani, aliuliza kama kuna lolote la kuripoti. Mama akaanza kusimulia kwa Kiswahili ili binti yake atafsiri, na kama kawaida yake alianzia mbali: mvua iliyokuwa imenyesha, njia waliyopita, yule mzee wa kona aliyesimama kuwasalimu. Mke wangu alisikiliza kidogo, kisha akaripoti kama wanavyokabidhiana wagonjwa mwisho wa zamu. Alichechemea mguu wa nyuma wa kushoto kwa saa arobaini na nane. Aliweka uzito kiasi. Alikandwa nyumbani. Amepona. Daktari akaandika yote, akamwambia, "Natamani wateja wote wangekuwa kama wewe." Mke wangu alirudi nyumbani akiwa na furaha ya sifa hiyo.

Wazo la bima ya mbwa lilinijia kupitia kwa rafiki yangu wa mji jirani wa Sugar Land, Mkenya mwenzangu tunayefanya naye kazi. Mbwa wao alimeza soksi ya mtoto. Waliambiwa bei ya upasuaji, wakapewa karatasi mbili za kuchagua, moja ya upasuaji, ya pili ya kumchoma mbwa sindano ya mwisho, wakatoka kwenda kukaa ndani ya gari. "Nilikuwa nimeshika usukani na gari halijawashwa," alinisimulia. Walirudi ndani wakasaini karatasi ya pili. Aliniambia hayo akicheka, akiongeza kwamba babu yake angemfufukia kumpiga bakora kwa kumlilia mbwa, lakini sandwichi yake aliiacha mezani bila kuigusa.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu tumkatie Mgeni bima.

"Baba Watoto, unasikia unavyosema?" alisema. "Dada yangu kule hana bima ya uzazi, mimi nikate bima ya mbwa?"

"Si kwa ajili ya mbwa."

Alitazama dirishani. Mama alikuwa nje, anamkausha mbwa miguu kwa taulo kuukuu, mmoja baada ya mwingine.

"Najua si kwa ajili ya mbwa," alisema.

Nikafanya ninavyofanya kazini. Nilipiga simu kampuni tatu na kuandika majibu kwenye daftari. Zote zilifanana kwa mambo makuu: unalipa kila mwezi, akiugua unalipa kliniki mwenyewe kwanza, kisha unadai, kuna kiasi cha mwanzo ambacho hurudishiwi, na ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima haulipiwi. Mchango wa mwezi ulikaribia mafuta ya gari langu ya wiki mbili. Niliwauliza wenzangu wa kazini wenye mbwa. Mmoja alilipa miaka tisa na mbwa hakuwahi hata kukohoa. Mwingine alirudishiwa sehemu kubwa ya gharama ya goti, na akaniambia mbwa wa ukubwa wa wetu huumia magoti kuliko kitu kingine chochote. Nililipigia mstari neno goti.

Nilichagua kampuni moja. Wakaomba kumbukumbu za kliniki, na baada ya siku kumi ikaja barua pepe. Wamemkubali, isipokuwa magoti ya nyuma, yote mawili, na chochote kitakachotokana nayo, kwa sababu ya dalili zilizoripotiwa mwezi wa Machi.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, na sare za kazi mwilini. "Ni mimi," alisema. "Ni mdomo wangu."

Rafiki yangu wa Sugar Land hakuona shida. "Si mngenyamaza tu! Mbwa anajua kuongea? Mpigieni daktari afute huo mstari, kwisha."

Nilipomfikishia mke wangu ushauri huo, hakukasirika. Alisema tu kwamba amekaa miaka kumi na minane bila kufuta mstari kwenye faili la mtu, na hataanzia kwa mbwa.

Kwa hiyo swali likawa gumu zaidi: tulipie bima inayoacha nje kile hasa tunachokiogopa? Niliweka daftari mezani, nikagawa ukurasa katikati, nikaanza kuandika sababu za ndiyo na za hapana. Mama alikuwa anachambua sukuma upande wa pili wa meza. Aliuliza tunabishana nini kwa upole hivyo, maana ugomvi wa upole ndio mbaya. Tukamweleza.

Aliweka kisu chini. "Kwa hivyo mbwa naye ni kama mimi."

Tulielewa. Alipokuja kututembelea mara ya kwanza, miaka kadhaa kabla ya kuhamia, tulimkatia bima ya wasafiri. Alijaza fomu kwa ukweli, akataja presha. Bima ikaja ikilipia kila kitu isipokuwa presha na chochote kitakachotokana nayo. Alikaa hapa miezi sita akitembea na dawa zake kwenye kikapu, na sisi tukimchungulia chumbani kila asubuhi kuona kama anapumua.

"Walituuliza, tukasema ukweli, wakatuambia asante," alisema mama, na akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha akaacha kucheka. "Lakini magoti yake yana nini? Mimi sikumkanda goti."

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alinitazama mimi.

Kazini, jambo la kwanza ninalofanya nikipokea malalamiko ni kumtafuta aliyekuwepo. Nilikuwa nimepigia simu kampuni tatu na kuhoji watu wawili ofisini, na aliyekuwepo alikuwa anachambua sukuma jikoni mwangu.

"Mama," nilimwambia, "hebu nisimulie kuanzia mwanzo."

"Mwanzo kabisa?"

"Kabisa."

Akaanzia kwenye mvua. Mvua ilinyesha usiku, njia ya kando ya mfereji ikawa na matope, kwa hiyo walipita kwenye kiwanja kisichojengwa, nyuma ya kanisa. Mzee wa kona alikuwa huko na kijibwa chake. Wakasalimiana kwa kuinua mikono. Mgeni akaingia kwenye majani makavu, yale yenye vijimiiba vya mviringo vinavyong'ang'ania soksi, akatoka anaruka kwa miguu mitatu. Mama akamlaza palepale chini. Mzee wa kona akamshika kichwa. Mama akapanua vidole vya wayo wa kushoto wa nyuma, akaukuta mwiba umezama katikati, akauvuta kwa kucha.

"Nimetoa miiba kwenye kwato za mbuzi tangu nikiwa na miaka sita," alisema. "Mbuzi mwenye shida ya goti hujikunja hivi. Mwenye mwiba huinua mguu hivi." Aliinuka akatuonyesha yote mawili katikati ya jikoni, ameshikilia ukingo wa meza. "Niliukanda wayo wake kwa chumvi usifanye usaha. Nilimwambia daktari."

"Hukumwambia, Mama," alisema mke wangu polepole. "Nilikukatiza."

"Ulikuwa na haraka," alisema mama.

Mke wangu alikaa. Alikuwa anaangalia mikono yake. Kisha akamwambia mama yake kitu kwa Kikamba ambacho sikukielewa, na mama akampiga kofi dogo begani, la kumaliza maneno.

Tulirudi kliniki Jumamosi, sote watatu na mbwa. Safari hii mama alisimulia, mke wangu akatafsiri kila neno, hata mvua, hata yule mzee. Daktari aliweka kalamu chini na kumsikiliza. Mama alipofika kwenye mbuzi, akainua mguu kuonyesha, na daktari akainuka kumshika asianguke. Kisha akampima mbwa magoti, akayakunja, akayanyoosha, akayasukuma huku na huku. Hakufuta kitu. Aliandika chini ya maelezo ya Machi, kwa tarehe ya siku hiyo, aliyoambiwa na shahidi na aliyoyaona mwenyewe: magoti ni mazima.

Tukatuma. Wiki tatu zilipita. Mama alikuwa haulizi, lakini nilikuta amesogeza njia yao ya asubuhi hadi kwenye lami tupu, mbali na majani, na anamkataza Mgeni kukimbiza kindi. Mzee wa kona alimletea mbwa soksi nne za mpira. Mbwa alizivua zote kabla hajafika uzioni.

Jibu lilipokuja, mhudumu wa bima alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini aliyesoma faili. Alisema wameyaondoa magoti kwenye vikwazo. Kilichobaki nje ni kimoja, wayo wa mguu wa nyuma wa kushoto, kwa kuwa huo mwenyewe umethibitishwa kuwa uliumia. "Yule bibi aliyesimulia," aliniuliza, "ni daktari wa wanyama?" Nilimwambia ni mfugaji.

Tulilipa siku hiyo. Ukurasa wangu wa ndiyo na hapana haukuwa umeegemea upande wowote, na bado uko hivyo. Huenda tutalipa miaka tisa na mbwa asikohoe. Mke wangu alisema tuchukulie ni mchango, kama tunavyochangia wenzetu wanapofiwa bila kuomba tufiwe sisi. Mimi nilifikiria gari lililoegeshwa bila kuwashwa, na ni nani angekuwa amekaa kiti cha nyuma akingoja tuamue.

Nilimweleza mama masharti, moja moja. Alikubali kwa kichwa hadi nilipofika kwenye wayo.

"Huo hawaulipii?"

"Huo hapana."

Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mama hukaa kwenye kiti kidogo cha viatu na kumwita Mgeni. Mbwa huja na kuinua mguu wa nyuma wa kushoto bila kuambiwa. Mama huvaa miwani, hupanua vidole kimoja kimoja, hupapasa katikati. Wakirudi hufanya hivyo tena. Miguu mingine mitatu haitazami.