Pauline na Sufuria Inayopima Mahubiri

Saa tatu na nusu asubuhi, nyuma ya kanisa la mabati pembezoni mwa mji wa Kitale, sufuria kubwa ya chai inatua juu ya mafiga. Pauline Nakhungu anachochea kuni, anajipangusa majivu kwa leso aliyojifunga kiunoni, kisha anamgeukia mzee aliyesimama mbele ya darasa na Biblia mkononi.

"Haya, Mzee Wekoye. Moto umewaka. Anza."

Mzee Wekoye anakohoa, anaweka miwani sawa na kuanza. Anaanzia bustani ya Edeni. Wenzake kwenye mabenchi wanatazamana, maana kutoka Edeni hadi popote ni mbali.

Sheria ya hapa ni moja na haina huruma. Chai ikichemka ikapanda hadi ukingoni, mahubiri yamekwisha, hata kama Musa bado yuko katikati ya bahari. Leo inamkuta Wekoye kwa Nuhu, safina haijapakiwa hata mbuzi mmoja.

"Amina!" Pauline anaepua sufuria.

"Lakini Mama, si nilikuwa nakaribia pale penyewe?"

"Hapo penyewe ungeanzia hapo. Keti unywe chai, mzee wangu."

Darasa zima linavunjika mbavu, Wekoye mwenyewe akicheka kuliko wote.

Pauline, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, si mchungaji. Siku za wiki anauza nyanya na vitunguu sokoni Kitale, na siku biashara ikimkubali anabaki na faida ya shilingi mia nane hivi. Jumamosi, siku ambayo soko hufurika wateja, humwachia dadake kibanda na kuja hapa kufundisha watu wa kawaida kazi ya kanisa: kuongoza ibada, kuhubiri, kukaa na mgonjwa, kupatanisha walionuniana, na kuzika.

Wanafunzi wake ni wakulima na wachuuzi. Wapo wanaotoka Kachibora, wapo wa Tongaren, na Wekoye, karani mstaafu, hutoka Bungoma mjini. Hakuna karo. Anayevuna viazi huleta viazi, asiye na kitu huleta kuni.

Na hizo kuni, ewe msomaji, zina kisa chake. Jumamosi moja Wekoye alifika na mzigo mkubwa begani, watu wakamsifu kwa ukarimu. Moto ulipowashwa, moshi ukajaa, macho yakatoka machozi, na chai ikakaa kimya kama maji ya mtungini. Wekoye akahubiri. Akahubiri tena. Alimaliza manabii wote, wakubwa kwa wadogo, kabla ya Pauline kuinama na kukishika kijiti kimoja.

"Kuni mbichi!" anasimulia Pauline, akipiga makofi. "Ati mzee mzima na mvi zake, amekata mti asubuhi ndio ahubiri mpaka jioni! Bana, nilicheka nikasahau kumgombeza."

Lakini hakumfukuza. Alimpeleka hospitalini kutembelea wagonjwa, na huko akaona jambo. Wagonjwa hawana haraka. Mtu aliyelala kitandani wiki nzima bila mgeni anamtaka Wekoye aanzie Edeni, na akifika kwa Nuhu anamwomba asiondoke.

"Kila mtu ana mahali pake," anasema Pauline. "Kazi yangu ni kumtafutia tu."

Ukimuuliza kwa nini anajisumbua hivi, kicheko kinakatika. Anashusha kikombe.

Mamake alizikwa Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mchungaji aliyengojewa alikuwa akihudumia makanisa mengi, na siku hiyo alikuwa na mazishi mengine kwanza. Ibada ilipangwa kuanza saa nne.

"Tulingoja. Jua likawa kali. Jeneza la mama tukaliweka kwa kivuli ya nyumba. Kivuli ikisonga, tunasongesha jeneza. Inasonga tena, tunasongesha tena. Tulizungukia nyumba na mama yetu hivyo mpaka jioni."

Mchungaji alifika saa kumi na moja, suruali imejaa matope hadi magotini, akiomba radhi kabla hata hajasalimia.

"Huyo sikumkasirikia, alikuwa amechoka maskini. Nilijikasirikia mimi. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili pale. Wazee wa kanisa, mashemasi, wanakwaya, Biblia ziko kwapani. Na hakuna mtu hata mmoja aliweza kusema, jamani, tuombe."

Ndiyo maana kinachompa hofu Pauline si mwanafunzi mbaya. Ni kanisa linalomngoja mtu. Na kwa miaka mingi kanisa dogo la Tongaren lilimngoja yeye. Mtoto akizaliwa, walimpigia simu. Wanandoa wakikosana, simu. Alikuwa amefundisha watu wanne pale, na bado hakuna jambo lililoanza kabla hajashuka kwenye gari na kuwasalimu kwa Kiluhya, "Mulembe."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," anasema. "Mimi sikupewa jembe. Nilikuwa napewa kuku. Nikajua hapa nimeharibu."

Akaenda kwa wazee wa kanisa Kitale, akawaomba wamkabidhi Tongaren mmoja wa wanafunzi wake, Fridah, mkulima wa mahindi mwenye sauti ndogo, ambaye darasani alikuwa akimaliza kuhubiri maji yangali vuguvugu. Wazee walisita. Waumini wenyewe walikuwa wamewaambia wazi kwamba bila Mama Pauline hawajui wataendaje. Ikaamuliwa Fridah apewe Jumapili moja. Mwenyekiti wa wazee, Mzee Kemboi, angekuja kusikiliza. Asiporidhika, ibada za Tongaren zingefungwa, na waumini warudi kutembea hadi kanisa la mbali, wazee na watoto kwa miguu.

Jumapili hiyo ilikuwa Novemba, na kila ua Tongaren ulikuwa umetandazwa turubai na mahindi yakianikwa juu yake. Pauline aliketi benchi la nyuma kando ya Mzee Kemboi aliyevaa suti. Sheria ya Pauline kwa walimu inasema hivyo: mwanafunzi akiongoza, mwalimu anakaa nyuma, na hainuki hata kukitokea nini. Nje, akina mama walikuwa wameinjika chai.

Fridah alianza vizuri. Sauti ilitetemeka, ikatulia. Watu wakaanza kuitikia. Kisha mwanga ukapungua madirishani. Kutoka upande wa Elgon, wingu jeusi lilikuwa linakuja kwa kasi.

Mkulima akiona wingu la Novemba hasikii tena habari ya mbinguni. Shingo ziligeuka mlangoni. Miguu ikaanza kuchezacheza chini ya mabenchi. Fridah akakatiza neno, akatazama dirishani.

Na hapo Pauline akavunja sheria yake mwenyewe. Akasimama.

"Nilitaka kusema tuendelee, Mungu atashika mvua," anakiri, akijifunika uso kwa leso. "Nilimwona Mzee Kemboi pale na suti yake, nikasema msichana wangu anaanguka. Wacha nimwokoe."

Fridah akamtazama kutoka mbele. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, lakini kila mtu alisikia:

"Mama, keti. Chai bado haijachemka."

Kanisa zima likaangua kicheko. Pauline akaketi. Ndipo Fridah akafunga Biblia.

"Ndugu zangu, neno lililobaki haliozi. Mahindi yanaoza. Wenye ua karibu, kimbieni. Wa mbali tuingie hapo kwa Yakub, yeye ameenda Bungoma na mahindi yake yako nje. Tukimaliza, turudi hapa."

Yakub ni mfanyabiashara wa mahindi ambaye ua wake umepakana na kanisa. Ni Mwislamu, na siku hiyo alikuwa ameandaa shehena ya kupeleka sokoni. Waumini walimiminika uani kwake kwa mavazi ya Jumapili, wengine wakikunja turubai, wengine wakibeba magunia ghalani. Mvua ilipiga walipokuwa wanafunika rundo la mwisho.

Pauline anasema alisimama kwenye upenu wa kanisa akiwa amekata tamaa. Aliona ibada imekwisha, na Tongaren imekwisha. Nani atarudi kanisani ameloa chapachapa?

Wakarudi. Walirudi wote, wakichuruzika maji, viatu mikononi, wakicheka na kutaniana. Mzee Kemboi alirudi na matope kwenye suti. Chai ikagawanywa. Fridah akafungua Biblia pale alipoifungia, akamalizia neno lake moja, akaketi.

"Mimi nilikuja kupima mahubiri," anasema Mzee Kemboi, "nikajipata nimeshika kona ya turubai. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Kondoo wakimsikia hivyo, mimi ni nani?"

Yakub naye hasahau. Alirudi jioni akitarajia hasara, akakuta mahindi ni makavu na magunia yamepangwa ghalani.

"Mimi si wa kanisa lao, na wao wanajua," anasema. "Lakini niliuliza nani amefanya hii kazi, nikaambiwa ni mahubiri ya Fridah. Nikasema, basi hayo mahubiri nimeyasikia." Tangu siku hiyo, sukari ya chai ya Jumapili hutoka dukani kwake.

Fridah akakabidhiwa Tongaren. Lakini Pauline hakutulia. Turubai ni turubai, alijiambia. Siku ya msiba je?

Jibu linampata Alhamisi, sokoni, akiwa anampimia mteja nyanya. Simu inalia. Ni Fridah.

"Mulembe, Mama. Nilitaka tu kukuambia, yule mzee wetu aliyekuwa mgonjwa, tumemzika jana."

Mkono wa Pauline unasimama hewani na nyanya.

"Jana? Na hamkuniita?"

"Si ni siku yako ya soko, Mama? Tukaona tusikusumbue. Tulianza saa nne. Saa sita tulikuwa tumeshamaliza."

Pauline anaiweka nyanya mizanini. Anauliza polepole, kana kwamba anaogopa kujibiwa: "Jeneza lilikaa kwa jua?"

"Jua gani, Mama? Hatukungoja mtu."

Anakata simu na kuketi juu ya kreti. Machozi yanamtoka, na hayafuti. Inauma kidogo, anakiri, kuzikiwa mtu wako na wewe huna habari. Halafu anaangua kicheko na machozi yake yale yale.

"Hawakuningoja!" anamwambia mteja, ambaye hajui kinachoendelea na anataka tu nyanya zake. "Umesikia? Hawakuningoja!" Anamwongezea mbili za bure.

Mahindi yakishaingia ghalani, Pauline atapanda Cheptais na sufuria yake kuanzisha darasa jipya. Ameshaomba mahali: ua wa nyumbani kwao, kando ya ile nyumba waliyoizungukia na jeneza la mamake wakifuata kivuli. Watu kumi na mmoja wameshakubali kuja. Wekoye ameomba kuandamana naye awaonyeshe vijana kazi ya kutembelea wagonjwa, na amekubaliwa kwa sharti moja, kwamba kuni asiguse.

"Cheptais ikisimama, mimi nirudi benchi la nyuma," anasema Pauline, akipanga upya nyanya zake. "Na nikisahau nikainuka tena, Mungu anipe mtu wa kuniambia, Mama, keti."